Barua Aliyoisoma Luhende

Jumatatu, 17 Mei 1976

Vitambaa kumi na viwili tangu asubuhi. Vya jana bado vibichi kwenye kamba, wingu halikuondoka. Nimechana shuka la pili, lile la maua la harusi. Masunga aliniangalia nikichana.

Kazi ni ile ile. Namlaza ubavu. Nafungua mkanda, natoa mfuko wa nailoni, naosha kuzunguka tundu la tumboni kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nakausha, napaka samli pale ngozi ilipoungua. Kisha kidonda cha nyuma, walikomshona wakamfunga kabisa. Hicho ndicho ananing'ang'ania mkono nikikiosha. Mume wangu hatakwenda tena haja kama watu wengine mpaka anakufa. Daktari wa Mwanza aliniambia barazani, mkono mfukoni: mngemleta mapema tusingefika huku.

Mapema. Hilo neno nimerudi nalo kwenye basi mpaka Nyashimo, na kutoka Nyashimo kwenye lori la pamba mpaka hapa. Wiki tatu sasa bado ninalo.

Alhamisi, 20 Mei

Amelia kwa ajili ya michembe. Mwanamume wa miaka arobaini na moja. Viazi vikavu vya kuchemsha, amekula tangu aote meno, sasa akila tumbo linajaa upepo na mfuko unafumuka. Nimempa uji wa mtama na maziwa mgando. Amegeukia ukutani.

Hajatoka nje tangu turudi. Anasema ananuka. Nimemwambia hanuki. Ananuka kidogo.

Jumamosi, 22 Mei

Luhende amekuja. Balozi wetu wa nyumba kumi. Kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na mkoba wake wa karatasi kwapani, hata kwa mgonjwa haachi mkoba. Ameleta kibuyu cha maziwa. Hakuingia ndani, kasimama mlangoni akasema kwa sauti ya mkutanoni kwamba pole, kijiji kinamkumbuka, jembe lake linamngoja.

Jembe lake. Nilitaka kumwagia maziwa yale kichwani.

Sijasahau Novemba. Masunga alikuwa anachelewa kufika shamba la kijiji, anapumzika kila mara, anakwenda porini kila mara. Luhende alimsimamisha mbele ya watu wote akasema huyu ni kupe, ananyonya jasho la wenzake. Akampimia kipande cha kulima mara mbili ya wenzake. Masunga akalima vipande viwili wiki nzima, na mimi sikujua kwamba ndani ya kaptula alikuwa ameweka matambara.

Tulikunywa yale maziwa. Maziwa hayana kosa.

Jumanne, 25 Mei

Leo nimejua.

Nilikwenda zahanati kuomba pamba na dawa ya kidonda. Mganga ni yule yule kijana mrefu wa mwaka jana. Akanipa, akaandika, halafu akaniuliza kwa nini tulikaa miezi mitano. Nikamuuliza miezi mitano ipi. Akasema tangu barua yangu.

Barua gani, nikamuuliza.

Akafungua kitabu chake, kile chenye karatasi ya kaboni, akarudi nyuma mpaka Novemba. Nimesoma kwa macho yangu. Kwa Balozi. Mtajwa hapo juu anatoka damu katika haja kubwa, nimegusa uvimbe. Aachishwe kazi za shamba na asafirishwe hospitali ya mkoa bila kuchelewa. Sahihi, muhuri.

Mganga alimpa Masunga barua imefungwa ampelekee balozi, kwa sababu bila balozi hakuna ruhusa ya kukosa shamba la kijiji. Ndiyo utaratibu. Na Masunga siku ile alirudi nyumbani akaniambia: balozi ameisoma barua, inasema ni kichocho. Vidonge vitamaliza.

Kichocho. Nani hapa hana kichocho? Hata mimi nilikojoa damu nikiwa mtoto. Sikuuliza swali la pili.

Nimerudi kwa miguu kilomita saba. Sikumbuki njia.

Jumatano, 26 Mei

Luhende aliisoma ile barua akaificha. Akasema kichocho. Halafu akamwita mume wangu kupe.

Na mimi ndiye niliyekuwa namwamsha Masunga alfajiri. Amka, usiniaibishe, mimi ni mwalimu wa kisomo hapa. Hayo ndiyo maneno yangu. Nayaandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Ijumaa, 28 Mei

Nimekwenda kwa Luhende. Nimejifanya mpole. Nikamwambia shemeji, hospitali ya Mwanza inaitaka ile barua ya zahanati ya mwaka jana, tutakaporudi Agosti. Yeye na Masunga wamechunga pamoja, wameingia ngoma msimu mmoja, ndiyo maana tunaitana shemeji.

Akafungua mkoba. Karatasi nyingi, nyingine zimeliwa na mende. Akazipekua polepole, uso wa kazi kabisa, akavuta moja akanipa. "Hii hapa, shemeji. Nilikuwa nimeitunza vizuri."

Lilikuwa tangazo la kupulizia pamba dawa.

Nilisimama nalo mkononi. Nikatazama kalamu zake mbili. Nikakumbuka mambo mengi kwa mpigo. Mjumbe akileta waraka, Luhende husema, mimi nitausoma baadaye, wewe nieleze kwa kifupi. Mikutano yote huomba kijana asome "ili vijana wazoee". Darasani kwangu hajakanyaga hata siku moja, kwa kuwa eti yeye alishamaliza.

Hajui kusoma. Hajui hata a.

Hakuificha barua. Hakuisoma. Aliitazama tu, kisha akasema kichocho, kwa sababu mdomo lazima useme kitu. Miezi mitano ya mume wangu, ili mtu asionekane mjinga.

Nikamwambia, siyo hii, ngoja nikusaidie. Nikaitoa mwenyewe. Ina doa la mafuta kwenye kona. Akasema, "Ehe, hiyo hiyo, zilishikana."

Nimeiweka ndani ya Biblia. Nilidhani kumchukia mtu kunachosha. Leo nimetwanga mtama wa wiki nzima bila kupumzika.

Jumapili, 6 Juni

Mungu anajua kupanga. Afisa wa elimu ya watu wazima anakuja Jumamosi tarehe 26 kutoka Bariadi kutoa vyeti vya kisomo. Mwenyekiti wa kijiji ameniambia niandike risala. Nikamwambia nitaiandika, lakini isomwe na balozi Luhende, maana nyumba zake kumi ndizo zilizofaulu zaidi. Mwenyekiti akafurahi. Akasema ni heshima kwa Luhende.

Ni heshima kubwa.

Nimeshaipanga yote. Najua atakachofanya: atakuja kwangu, ataomba asikie maneno, atayashika kichwani. Ana kichwa kizuri, anajua nyimbo za ngoma mia. Siku yenyewe nitamkabidhi karatasi mbele ya watu. Lakini haitakuwa risala. Itakuwa barua ya zahanati. Atasimama nayo, ataikodolea macho, atakariri maneno matamu ya kumkaribisha mgeni. Halafu utaratibu ni kwamba risala ikishasomwa, msomaji anamkabidhi mgeni ile karatasi, kwa mikono miwili. Na afisa ataitazama. Atamuuliza, ndugu, ulikuwa unasoma nini?

Sitahitaji kusema neno. Nitakaa kwenye benchi langu nimekunja mikono.

Alhamisi, 10 Juni

Kidonda cha nyuma kimeanza kufunga. Hakitoi tena usaha. Nimemshonea mto wa pamba yetu wenyewe, pamba mbichi na mbegu zake nimetoa moja moja. Ameukalia robo saa. Akasema ni kiti cha mtemi. Mara ya kwanza kumsikia akitania tangu Machi.

Nikatoka nje nikalie mahali asiponiona.

Jumatatu, 14 Juni

Luhende amekuja, kama nilivyosema. Kibuyu kingine cha maziwa. Eti macho yanamsumbua siku hizi, vumbi la pamba, nimsomee risala mara moja asikie inavyokwenda. Nikamsomea. Akaomba tena. Nikamsomea tena, polepole, kwa ukarimu wote. Midomo yake ilikuwa inanifuata bila sauti.

Masunga yuko ndani nyuma ya pazia anasikia. Luhende alipoondoka akauliza, anataka nini huyu kila siku? Nikasema anajiandaa.

Jumamosi, 19 Juni

Mara ya tatu amekuja. Sasa anaijua yote, hata pale pa "mheshimiwa mgeni wetu" ananyanyua mkono. Nikamsifu. Akacheka kama mtoto. Nilisikia kitu kibaya kifuani, nikakikanyaga. Nikajikumbusha vipande viwili kwa wiki nzima.

Masunga ametembea mpaka zizini na kurudi. Mkanda umekaa. Ameshika mgongo wa ng'ombe wetu mwekundu, akasimama naye muda mrefu. Anasema anataka kuhudhuria siku ya vyeti. Nitamvalisha lile shati refu, halitaonyesha kitu. Nataka awepo. Nataka aone kwa macho yake.

Alhamisi, 24 Juni

Sijui niandike vipi hii.

Nilikuwa kisimani. Nimerudi nimemkuta amekaa kwenye mto wake, Biblia imefunguka mapajani, barua mkononi. Masunga hajui kusoma. Miaka mitatu nimefundisha kijiji kizima naye hajaja, alisema hawezi kukaa benchi mkewe akamnyooshea fimbo ubaoni. Lakini aliijua ile karatasi kwa doa la mafuta. Yeye ndiye aliyeitia doa, alikuwa ameificha pamoja na samaki wa kukaanga njiani.

Akauliza imefikaje hapa.

Nikamweleza. Yote. Mganga, kitabu cha kaboni, tangazo la dawa ya pamba, risala. Niliongea haraka, nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe, nilidhani nampelekea zawadi. Nikamwambia rafiki yako hajui kusoma, alikudanganya, alikuua, na Jumamosi nitamwonyesha kwa watu.

Akaikunja barua. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Nilijua hajui kusoma. Tumechunga wote tangu tukiwa uchi. Ningeacha kujuaje?"

Nikamuuliza, sasa kwa nini.

"Mganga alinieleza mwenyewe. Aliniambia kuna uvimbe, watapasua. Baba mdogo alikwenda kupasuliwa, alirudi kwenye shuka. Nikampelekea Luhende. Kabla hajaifungua nikamwambia, imeandikwa kichocho. Akaitazama akasema ndiyo, kichocho."

Nikamwambia ungeileta kwangu. Mimi nasoma. Mimi ni mkeo.

"Ndiyo maana sikuileta kwako."

Kisha akasema hakutaka nijue damu ilikuwa inatoka wapi. Aliona haya. Kwangu mimi, ambaye kila siku namwosha.

Akasema kitu kimoja zaidi. Kwamba afisa akiishika ile karatasi ataisoma kwa sauti, na watu wote watasikia haja kubwa, watasikia uvimbe. "Utamvua Luhende nguo. Na mimi nimo humo humo, mayu, mama yangu."

Ijumaa, 25 Juni

Sijamsemesha. Nimemwosha. Uji nimeuweka chini nikatoka.

Miezi mitano alinitazama usoni kila asubuhi. Mimi namwita mvivu, yeye anachukua jembe. Alichagua kulima vipande viwili na damu ndani ya kaptula kuliko kuniambia. Alichagua kuitwa kupe. Na mimi miezi hii yote nimejilaumu, nimepiga magoti, nimechana shuka la harusi.

Namchukia Luhende kwa sababu alikubali. Mtu anayeweza kusoma angesema hapana, siyo kichocho. Mtu anayesema ukweli angesema sijui kusoma, mpelekee mkeo. Hakusema. Kosa lake halijapungua hata kidogo.

Na la Masunga limeongezeka.

Karatasi zote mbili ziko kwenye mkoba wangu. Nitaamua huko huko.

Jumamosi, 26 Juni

Niliamua. Nilimpa barua.

Niandike ukweli: sikuteleza, sikuchanganya. Mwenyekiti aliposema sasa tumkaribishe balozi atusomee risala, niliingiza mkono mkobani, vidole vikaijua ile yenye doa, nikaivuta hiyo. Nilikuwa nimewakasirikia wote wawili, nikaona wote wawili waanguke pamoja.

Luhende alisimama mbele ya darasa letu la nyasi. Watu wengi, mpaka wa Nkololo walikuja na ngoma yao. Shati jipya. Akainyoosha karatasi, akakohoa, akaanza. Hakukosea hata neno. Mheshimiwa mgeni wetu, mkono ukapanda. Alipofika pa kutaja wanakisomo wetu walivyojitahidi baada ya kutoka shambani wakiwa wamechoka, sauti yake ilitetemeka kweli. Wanawake walipiga vigelegele. Macho yake juu ya mistari yanakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, juu ya uvimbe, juu ya damu, juu ya bila kuchelewa.

Masunga alikuwa amekaa nyuma, kwenye mto wake. Mara ya kwanza kukaa na watu. Alikuwa ameiona karatasi. Doa linaonekana kwa mbali, jua lilikuwa linapita ndani yake. Nilimgeukia nikitaka nimwone anavyoomba. Hakuomba. Aliweka tu mkono juu ya tumbo, pale kwenye mkanda, kama mtu anayeshika mlango upepo usiufungue. Akangoja.

Luhende akamaliza. Makofi. Akageuka kwa afisa, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Afisa akanyoosha mkono.

Nikasimama. Sikumbuki kusimama. Nikafika kati yao nikasema samahani mheshimiwa, hiyo imechafuka, nakala yako safi hii hapa. Nikaichukua barua mikononi mwa Luhende, nikampa afisa risala. Afisa akacheka, akasema walimu wanawake kwa usafi. Watu wakacheka. Ngoma ikaanza.

Luhende hakucheka. Alitazama karatasi niliyompa afisa, akatazama niliyoishika. Zilikuwa na umbo tofauti. Hata asiyejua kusoma huliona hilo. Jasho lilimtoka pale pale.

Nilimfuata nyuma ya darasa watu walipokuwa wanacheza. Nikamwambia kwa sauti ndogo:

"Hiyo uliyoisoma ni barua ya zahanati. Ile ya kichocho. Jumatatu saa tisa uwe darasani kwangu, benchi la mbele. Usipokuja, nitaisoma mimi."

Akasema, "Nitakuja, mwalimu." Mara ya kwanza kuniita mwalimu.

Siyo kwamba ningeisoma. Lakini yeye hajui, na sitamwambia.

Jumatatu, 28 Juni

Amekuja. Benchi la mbele, magoti yamefika kidevuni, benchi ni la watoto wa darasa la kwanza. Hakuvaa zile kalamu. Watu walishangaa, mmoja akauliza balozi umekuja kukagua? Akasema hapana, nimekuja kusoma. Hivyo tu.

Nilimwita ubaoni wa kwanza. Nikampa chaki. Nikamwambia andika a. Ikatoka kitu kama kiazi. Nikamwambia futa, rudia. Akarudia. Mara sita nilimrudisha. Ya sita ilikuwa a, nikamrudisha tena ya saba.

Nilifurahi. Sioni haya kuandika. Atakaa kwenye benchi lile mpaka aisome ile barua mwenyewe, kuanzia Kwa Balozi mpaka muhuri, na siku hiyo nitakuwa nimesimama mbele yake.

Alhamisi, 1 Julai

Luhende amekuja na jembe, amepalilia mtama wetu wote nyuma ya nyumba. Hakubisha hodi. Sikumpa maji. Masunga ndiye aliyempelekea, polepole, kibuyu mkono mmoja na mkono wa pili kwenye mkanda. Walikaa kwenye ukingo wa shamba. Sikusikia walichosema. Hawakusema mengi.

Mimi bado naongea na Masunga kwa maneno ya kazi tu. Geuka. Inua. Basi.

Jumapili, 4 Julai

Vitambaa vitano tu leo. Tumbo limeanza kuzoea, linatoka asubuhi mara moja kisha linatulia. Ngozi imepona upande mmoja. Nimempa kipande kimoja cha michembe, kidogo cha kidole. Akakitafuna muda mrefu.

Baada ya kumwosha akaniambia nilete ile barua. Nikadhani anataka kuichoma. Akaiweka juu ya goti akaniuliza jina lake liko wapi.

Nilikuwa na jibu kali, lilikuwa tayari mdomoni.

Nikamwonyesha. Mstari wa pili. Akauliza inaanza na ipi. Nikamwambia hii, M, ina miguu mitatu. Akaweka kidole juu yake. Akaitafuta nyingine kwenye mistari ya chini, akaipata mwenyewe, akaipata na ya tatu. Ya tatu ilikuwa kwenye neno damu. Akauliza hilo linasemaje.

Nikamsomea. Sauti ya chini, yeye peke yake asikie. Nikamsomea na la kabla yake na la baada yake, mpaka mwisho. Hakuondoa kidole.

Sijamsamehe. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema anajua.

Jua lilikuwa kali, vitambaa vimekauka mapema. Nimevikunja, nimeviweka kando ya kitanda upande wake.